Mbwa ahukumiwe kwa sura au kwa kitendo?

Leo tunaacha kidogo habari za barabara na bei ya unga, tuzungumze juu ya mbwa.

Juzi nilifika kwenye kambi moja ya wakimbizi wa ndani kurekodi kipindi. Asubuhi ile mtoto wa miaka minane alikuwa ameumwa na mbwa mguuni. Nilikuta vijana wameshika fimbo. Walitaka kuua mbwa wote wenye kichwa kikubwa na manyoya mafupi, kwa sababu yule aliyeuma alikuwa na umbo hilo, naye alikuwa amekwisha kukimbia. Mama mmoja alisimama mbele ya hema lake, akasema mbwa wake ametoka naye kijijini, amelala naye njiani, na hajauma hata kuku. Mzee mmoja wa kamati akanigeukia: "Mwanangu wa redio, huko kwenye nchi zenye sheria wanafanya namna gani?" Nilimwahidi jibu. Nimesoma, na jibu ni historia ndefu inayoanzia Uingereza.

Zamani Waingereza walikuwa na mchezo mbaya: kumfunga fahali kwenye kigingi na kumwachilia mbwa amrarue, watu wakitazama na kucheza kamari. Bunge lao lilipiga marufuku mchezo huo mwaka 1835, pamoja na kupiganisha mbwa. Lakini mbwa kupigana na mbwa hakuhitaji uwanja mkubwa. Watu waliendelea kwa siri, wakachanganya mbwa wa kukamata fahali na mbwa wadogo wepesi wa kuwinda panya. Wahamiaji wakavuka bahari na mbwa hao mpaka Marekani, na huko ikatoka mbegu inayoitwa pit bull terrier. Kumbukeni hilo: umbo lile lilitengenezwa na watu, kwa kazi waliyoitaka watu.

Mwaka 1871 Uingereza ilipata sheria juu ya mbwa wa hatari. Ilikuwa rahisi: mbwa akionekana ni hatari na mwenyewe hamzuii, watu walalamike mahakamani, na hakimu aamuru afungwe vizuri au auawe. Sheria haikuuliza ni mbegu gani. Iliuliza mbwa amefanya nini.

Kisha kulikuwa na kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao sisi huku bado tunaujua. Mwaka 1897 waziri wa kilimo, Walter Long, alisimamia amri kali ya kufunga midomo ya mbwa katika maeneo mengi ya nchi. Wenye mbwa walimchukia sana na kumwandikia barua za hasira. Lakini mwaka 1902 ugonjwa ulikuwa umekwisha katika kisiwa chao. Baada ya vita ya kwanza ya dunia ulirudi, ikapigwa vita tena, na mwaka 1922 ukaondolewa. Amri ile ilifaulu kwa sababu haikuchagua sura, na kwa sababu mbwa kutoka nje walizuiwa na kuchunguzwa kwanza.

Sasa tuje mwaka 1991. Mwezi wa tano, katika mji wa Bradford, msichana wa miaka sita alishambuliwa na pit bull na kujeruhiwa vibaya. Magazeti yalipiga kelele kila siku. Waziri wa mambo ya ndani, Kenneth Baker, alipeleka sheria bungeni, ikapita haraka, na tarehe 12 mwezi wa nane mwaka ule ule ikaanza kazi. Ilitaja mbwa wanne: pit bull terrier, Tosa wa Japani, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. Kuwazalisha, kuwauza au hata kuwatoa zawadi kukawa kosa. Aliyekuwa naye tayari aliweza kumbakiza kwa masharti: aandikishwe, ahasiwe, awe na bima, na mbele ya watu awe na kamba na mdomo uliofungwa.

Ugumu ulikuwa hapa. Pit bull hakuwa na karatasi za ukoo kule Uingereza. Basi sheria ilisema "aina", na mwaka 1993 mahakama ilieleza kwamba neno hilo ni pana kuliko mbegu: mbwa akikaribia vya kutosha vipimo vya pit bull, anahesabiwa. Polisi wakaanza kutazama kichwa, kifua, miguu na mkia. Baba na mama wa mbwa hawakuulizwa. Zaidi ya hayo, mshtaki akishasema mbwa ni wa aina iliyokatazwa, si kazi yake kuthibitisha. Ni mwenye mbwa anayepaswa kuthibitisha kwamba siye.

Kesi iliyowagusa wengi ni ya mbwa jike wa London aliyeitwa Dempsey. Mwaka 1992 alikuwa matembezini, akaugua, na kijana aliyemshika akamfungua mdomo ili atapike. Polisi wakaona. Hakuwa ameuma mtu yeyote, lakini sheria ya wakati ule ilimfunga hakimu mikono, na hukumu ikawa kifo. Kesi ilizunguka mahakamani miaka mitatu kabla hajaokolewa. Mwaka 1997 bunge lilirekebisha sheria, likawapa mahakimu uwezo wa kumwacha hai mbwa ambaye si hatari kwa watu.

Wanaounga mkono sheria ya namna hiyo wana hoja ambayo si ndogo. Wanasema mbwa aliyetengenezwa kwa ajili ya kupigana akiuma haachii, na jeraha lake si sawa na la mbwa mdogo. Wanasema pia kungoja mpaka aume ni kumtoa mtoto wa kwanza awe sadaka. Mzazi wa Bradford angeelewa hoja hiyo upesi, na mama wa yule mtoto wa kambini pia.

Wanaoipinga wanajibu kwamba mbwa wa kila mbegu huuma, na kwamba sura haionyeshi malezi. Mbwa anayefungwa mnyororo, anayepigwa na kulala njaa anaweza kuwa hatari akiwa wa sura yoyote. Tena, mtu anayetaka mbwa wa kutisha wenzake, ukimkataza mbegu moja atatafuta nyingine.

Na ndivyo ilivyotokea. Kwa miaka iliyofuata, mbwa mwingine mkubwa kutoka Marekani, anayeitwa XL Bully, alienea Uingereza. Hakuwa kwenye orodha. Watu waliuawa, na mwezi wa tisa mwaka 2023 waziri mkuu Rishi Sunak alitangaza kwamba naye atakatazwa. Tangu tarehe 1 mwezi wa pili mwaka 2024, Uingereza na Wales zilikataza kuwa naye bila cheti cha ruhusa. Zaidi ya mbwa 50,000 waliandikishwa. Orodha ya mbwa wanne ikawa ya watano.

Nchi nyingine zilijaribu njia hiyo zikarudi nyuma. Uholanzi ilikataza pit bull mwaka 1993, na mwaka 2008 serikali ikaamua kuondoa katazo hilo, kwa kuwa halikupunguza kuumwa kwa watu. Italia ilifuta orodha yake ya mbegu mwaka 2009, ikaweka mzigo juu ya mwenye mbwa. Mji wa Denver, Marekani, ulikataza pit bull mwaka 1989, na mwaka 2020 wapiga kura wakakubali wafugwe kwa kibali. Ubishi haujaisha popote.

Nilirudi kambini na habari hizi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Kwa hiyo hata wao wenye mizani na vitabu walishindwa kujua mbwa mbaya kwa kumtazama." Sikuongeza kitu. Watu wa pale wanajua vizuri maana ya kuzuiwa kwenye kizuizi cha barabara kwa sababu ya sura au kijiji ulikotoka. Mbwa si mtu, na sitaki kuwalinganisha, lakini kimya kilichofuata nilikielewa.

Kamati ilikubaliana mambo matatu. Kila mbwa awe na mtu anayejulikana kwa jina. Mbwa wote, wakubwa kwa wadogo, wafungwe mchana watoto wanapocheza. Na aliyeuma atafutwe yeye, si wanaofanana naye. Fimbo ziliwekwa chini, na mama yule bado ana mbwa wake.

Lakini kwetu huku jambo la haraka zaidi ni kichaa cha mbwa, na ugonjwa huo hauchagui mbegu. Shirika la Afya Duniani linasema karibu kesi zote za watu, 99 kwa mia, hutokana na mbwa, na kwamba ugonjwa unaweza kuzuiwa kuenea kama 70 kwa mia ya mbwa wa eneo wamechanjwa. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo mtoto akiumwa au akikwaruzwa, osheni kidonda palepale kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kamili. Msipake majivu wala dawa ya majani. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, aanze chanjo, na amalize sindano zote hata kama kidonda kimekauka.

Mtoto wa kambini aliogeshwa kidonda na jirani aliyekuwa amesikia maneno haya redioni. Sindano yake ya kwanza alipata siku ile ile. Wazazi wake wananiambia zilizobaki hawataziruka. Nasi tutaendelea kuwauliza mpaka ya mwisho.