Kioo na Tanuri katika Nchi ya Usukuma

Kalemela, iliyoko katika Mkoa wa Simiyu, imo katika nchi ya Wasukuma, ambako historia ya kioo ni ya biashara zaidi kuliko ya ufundi. Katika karne ya 19 kioo kilifika huku kikiwa tayari ni ushanga, uliotengenezwa Venice na kwingineko, ukapakuliwa Unguja na kubebwa na wapagazi hadi bara, ambako ulitumika kama fedha. Fedha hiyo ilikuwa na ukaidi wake: msafiri Stanley, aliyepita nchi jirani ya Unyamwezi mwaka 1871, aliandika kwamba huko ushanga mwekundu ulipokewa hata pale aina nyingine zote zilipokataliwa, ilhali mweusi, uliothaminiwa Ugogo, kwingine haukununua kitu.

Moto nao ulikuwapo. Warongo wa Geita waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuri ya udongo yaliyovuviwa kwa mivukuto, na joto hilo, lililozidi nyuzi 1,100 za Selsiasi, lingetosha kabisa kulainisha kioo. Yamkini hakuna aliyeona haja ya kuyeyusha fedha yake mwenyewe, ingawa karibu na Mto Limpopo, yapata miaka 1,000 iliyopita, mafundi waliyeyusha shanga za ng'ambo wakazigeuza kuwa shanga kubwa zaidi kwa kalibu za udongo. Tofauti iliyo nzito zaidi kati ya chuma na kioo imo katika kupoza: donge la chuma huchomolewa likiwa jekundu na kufuliwa papo hapo, lakini kipande kipana cha kioo kikitendewa hivyo hupasuka.

Ufundi wa kutumia upya kioo kilichotupwa umeota mizizi Afrika Mashariki katika miongo ya karibuni tu, huko Kitengela, nje ya Nairobi, ambako Nani Croze alianzisha karakana yake mwaka 1979, na katika karakana ya Shanga mjini Arusha, inayoajiri watu wenye ulemavu. Njia iliyo nyepesi kwa anayeanza ni kuchonga kwa tanuri, yaani kuchora pambo bila patasi: karatasi nene ya nyuzi za kauri, isiyoungua, hukatwa kwa umbo la ua au samaki na kulazwa ndani ya tanuri, kisha kioo hutandazwa juu yake, nacho kikifikia takriban nyuzi 800 hulegea na kulizingira umbo hilo, likabaki limezama upande wa chini. Baada ya hapo joto hushushwa polepole mno, hasa karibu na nyuzi 550, ili mikazo iliyomo ndani ya kioo iishe.

Chupa za viwanda mbalimbali hazichanganywi katika kipande kimoja, kwa kuwa kila kioo husinyaa kwa kadiri yake, na kioo cha dirisha la pembeni la gari hakifai kabisa, kwani kikikatwa husambaratika chote.