Staa Aliyepiga Shoo Mabara Mawili Siku Moja

Tarehe 13 Julai 1985 kulikuwa na tamasha la kuchangia waathirika wa njaa Ethiopia. Jukwaa moja London, lingine Philadelphia, Marekani. Mwanamuziki mmoja wa Uingereza akapiga kote kote, siku hiyohiyo!

Aliwezaje? Alipomaliza London alipanda Concorde hadi New York, halafu helikopta ikamwahisha Philadelphia.

London hadi New York ni kama kilomita 5,500. Ndege za kawaida hutumia saa saba hadi nane. Concorde, yenye kasi mara mbili ya sauti, ilitumia saa tatu na nusu tu. Na kwa kuwa New York iko nyuma kwa saa tano, ukiondoka London saa nne asubuhi ulifika kule saa nne bado haijagonga!

Ila raha hiyo ilikuwa ya wenye nazo. Nauli haishikiki, mafuta inakunywa balaa. Tarehe 25 Julai 2000 moja ikaanguka karibu na Paris, watu 113 wakafa. Mwaka 2003 zote zikastaafishwa.

Leo simu ni janja na intaneti ina kasi, lakini staa mwenye haraka hana tena ndege ya abiria ya kumvusha bahari ile kwa saa tatu na nusu.