Paulin Soumanou Vieyra na Lugha za Filamu ya Kiafrika

Atajwaye sana katika historia ya filamu za Afrika Magharibi ni Ousmane Sembène, na kwa haki. Lakini karibu naye, kwa miaka mingi, alikuwapo mtu mwingine ambaye jina lake halijapata nafasi linayostahili. Makala haya yanakusudia kumpa heshima yake Paulin Soumanou Vieyra, mtayarishaji, mwongozaji na mhakiki. Aidha yanauliza swali ambalo sisi wanafunzi wa lugha hatuna budi kuliuliza: ilikuwaje mtu aliyeandika vitabu vyake kwa Kifaransa akawa miongoni mwa waliokiwezesha Kiwolof kusikika katika filamu?

Vieyra alizaliwa Porto-Novo, Dahomey (Benin ya leo), mwaka 1925, akapelekwa Ufaransa kusoma angali mtoto. Alihitimu katika chuo cha filamu cha IDHEC mjini Paris, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Hata hivyo elimu hiyo haikumpa ruhusa ya kupiga picha kwao. Amri ya mwaka 1934, ijulikanayo kwa jina la waziri Pierre Laval, ilimtaka kila mpiga filamu katika makoloni ya Ufaransa ya Afrika apate kwanza kibali cha serikali. Ndiyo maana filamu ya Afrique-sur-Seine (1955), aliyoiongoza pamoja na Mamadou Sarr, ilipigwa Paris, juu ya Waafrika waishio huko, na maelezo yake yakasomwa kwa Kifaransa. Tusidhani kwamba upande wetu hali ilikuwa njema zaidi. Katika majaribio ya filamu yaliyofanywa Vugiri, Tanganyika, kati ya 1935 na 1937, Kiswahili kilisikika, lakini yaliyosemwa kwa Kiswahili hicho yaliamuliwa na Wazungu.

Baada ya uhuru wa Senegal mwaka 1960, Vieyra aliongoza idara ya serikali iliyotengeneza filamu za habari. Pamoja na kazi hiyo aliongoza filamu fupi, kama Lamb (1963), juu ya mieleka ya Kisenegali, ambayo jina lake lenyewe ni la Kiwolof. Alikuwa pia miongoni mwa waasisi wa shirikisho la watengenezaji filamu wa Afrika, FEPACI. Kitabu chake juu ya filamu za Kiafrika tangu asili yake hadi 1973 kilitoka mwaka 1975, na mtu aandikaye historia hiyo leo hawezi kukipuuza.

Lakini ni katika utayarishaji ndipo jibu la swali letu linapoanza kuonekana. Mtayarishaji hatungi hadithi wala hawaelekezi waigizaji. Yeye hutafuta fedha, vibali na vyombo, na huhakikisha kwamba kazi iliyoanzwa inamalizika. Xala (1975), filamu ya Sembène aliyoitayarisha Vieyra, inatokana na riwaya iliyoandikwa kwa Kifaransa. Katika filamu, Rama anasemeshwa Kifaransa na baba yake naye anamjibu Kiwolof. Baba huyohuyo, siku anapofukuzwa katika chama cha wafanyabiashara, anaomba kujitetea kwa Kiwolof, na wenzake wanamkatalia. Riwaya haikuweza kutusikilizisha mgongano huo wa lugha, filamu iliweza. Tena fedha za shirika la filamu la serikali zilichangia, na serikali hiyohiyo ikakata sehemu kadhaa kabla ya kuiruhusu ionyeshwe.

Mkasa wa Ceddo (1977) ni mkubwa zaidi, na sijui mwingine unaowahusu wanaisimu kiasi hiki. Rais Senghor, mwenyewe msomi wa sarufi, alitaka neno hilo liandikwe kwa d moja kama kanuni za serikali zilivyoagiza. Sembène alishikilia mbili. Katika Kiwolof urefu wa konsonanti hubadili maana: gëm ni kuamini, gëmm ni kufumba macho. (Wajuao Kimvita watakumbuka paa la nyumba na paa wa mwituni, ambao tahajia sanifu haiwatofautishi.) Wengi waliamini kwamba d ilikuwa kisingizio tu, na kwamba kilichochukiza ni jinsi filamu ilivyouonyesha Uislamu ukiingia kwa nguvu. Nami naona hivyo. Filamu haikuonyeshwa Senegal mpaka baada ya Senghor kuondoka madarakani mwishoni mwa 1980.

Hapa ndipo msimamo wa Vieyra unapokuwa mgumu kuupima. Alikuwa ameitumikia serikali hiyo kwa miaka mingi. Wako watakaomwona mtumishi mtiifu mno. Lakini alikuwa ameandika kitabu kizima juu ya Sembène mwaka 1972, na Ceddo ilipokuwa ikipigwa alikwenda na kamera yake kuirekodi kazi hiyo. Filamu yake mwenyewe ndefu, En résidence surveillée (1981), ni ya Kifaransa, na kwa maoni yangu haifikii zile alizowasaidia wengine kuzimaliza.

Kazi ya Sembène imetufikia pia kwa Kiswahili: Amandina Lihamba aliigeuza hadithi yake kuwa tamthilia, Hawala ya Fedha, iliyochapishwa mwaka 1980. Vieyra alifariki Paris mwaka 1987. Picha alizopiga wakati wa kutengenezwa kwa Ceddo alizitoa mwaka 1981 kwa jina la L'envers du décor, na humo Sembène anaonekana akiwa kazini.