Safu ya Lugha: Ngoma si wimbo, wala si onyesho

Panda matatu ya Bombolulu, mjini Mombasa, umsikie makanga akimwambia dereva aweke "ngoma mpya", yaani wimbo uliorekodiwa. Mabango nayo yanaalika "watazamaji" kwenye "onyesho la ngoma". Neno linapunjwa pande zote mbili.

Ngoma ni neno la kale la Kibantu. Wakongo wanalo, na Wazulu husema ingoma. Ni chombo kilichowambwa ngozi, ni uchezaji, ni mkusanyiko wenyewe, na hata tiba, kama ngoma ya pepo. Onyesho latokana na kuona: mmoja jukwaani, wengine vitini. Sasa tazama ngoma ya chakacha arusini. Wanawake wamejifunga leso viunoni, duara limefunguka, na aliyekuwa ameketi sasa yumo katikati anakata kiuno, huku shoga yake akimtuza noti. Mtazamaji ni nani hapo? Hata katika kituo cha utamaduni cha Bombolulu, pale penye karakana za watu wenye ulemavu zilizoanza mwaka 1969, mgeni hushikwa mkono akacheze.

Kwa hiyo penye tiketi na jukwaa, sema onyesho. Shughuli kubwa ya mambo mengi ni tamasha. Waliokuja waite hadhira, neno la Kiarabu lenye maana ya kuwapo. Lina heshima kuliko watazamaji. Na duara likiwa wazi, bango liandikwe hivi: Karibuni ngomani.