Waranti ya jenereta za Kampala: nani anawajibika mashine ikigoma?

Jenereta ndogo za petroli ni miongoni mwa bidhaa ambazo wafanyabiashara wa Sudan Kusini, mashariki mwa Kongo na kaskazini-magharibi mwa Tanzania hununua Kampala na kuzivusha mpaka. Ni bidhaa yenye faida nzuri na ugomvi mwingi. Mashine huwashwa dukani mbele ya mnunuzi, ikaunguruma vizuri, ikafungwa kwenye boksi. Ikifika Juba au Bunia inafanya kazi wiki tatu, kisha inaanza visa: haiwaki ikiwa na joto, au inawaka lakini haitoi umeme. Mwenye mali anairudisha Kampala. Muuzaji anamwambia kwamba tatizo ni la kiwanda na waranti ni ya kiwanda. Kiwanda kiko Uchina, na barua pepe iliyoandikwa kwenye kadi haijibiwi. Mwezi unapita, mashine inarudishwa "imetengenezwa", na baada ya siku chache inagoma tena.

Katika mzunguko huo mnunuzi hupoteza nauli, siku za biashara na wateja wake mwenyewe, ambao nao wanamdai yeye. Swali linaloamua kila kitu ni moja: anayedaiwa kisheria ni nani? Wengi hudhani ni kiwanda, kwa sababu jina lake ndilo lililo kwenye kadi. Kwa sehemu kubwa, jibu ni muuzaji aliyepokea fedha.

Soko lilivyokua

Kampala ilizizoea jenereta hasa miaka ya 2005 na 2006, kina cha maji ya Ziwa Viktoria kiliposhuka na mabwawa ya Nalubaale na Kiira huko Jinja yakashindwa kuzalisha umeme wa kutosha. Mgao ulikuwa wa saa nyingi kwa siku. Saluni, mashine za kusaga, maduka ya vinywaji baridi na wachapaji wa Nasser Road walinunua chochote kilichotoa umeme. Tangu hapo yamekuja Bujagali yenye megawati 250 mwaka 2012, Isimba mwaka 2019, na Karuma yenye megawati 600 iliyozinduliwa rasmi mwaka 2024, kwa hiyo mahitaji ya ndani si yale ya zamani. Lakini maduka, mafundi na njia za kuagiza kutoka Uchina na Dubai vilibaki, na mteja mkubwa wa leo ni yule anayetoka mahali ambako nguzo ya umeme haijafika.

Waagizaji nao si wa aina moja. Yupo wakala aliyeteuliwa na mtengenezaji, mwenye karakana na stoo ya vipuri. Yupo mfanyabiashara aliyejaza kontena Guangzhou kwa bei nzuri, na kontena lijalo huenda likawa la chapa nyingine kabisa. Wa kwanza huuza ghali. Wa pili hutoa kadi ya waranti iliyokuja ndani ya boksi, iliyochapwa na kiwanda ambacho huenda hakijui kama mashine hiyo iko Uganda. Kuna na mtego wa tatu: chapa maarufu iliyonunuliwa Dubai na kuletwa Kampala kwa njia ya pembeni. Wakala wa chapa hiyo mjini anaweza kukataa kuigusa, kwa maelezo kwamba waranti yake ni ya eneo ilikouzwa mara ya kwanza. Mara nyingi masharti ya kadi humuunga mkono.

Sheria inasema nini

Uganda ina Sheria ya Mauzo ya Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017, iliyochukua nafasi ya sheria ya zamani ya enzi za ukoloni. Kenya na Tanzania zina sheria zao za mauzo, zote zenye asili katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, kwa hiyo mfanyabiashara anayevuka mpaka hakutani na mambo mageni. Msingi ni kwamba anayefanya biashara ya bidhaa fulani anaahidi, hata kama hakusema neno, kuwa bidhaa hiyo ina ubora unaofaa kuuzwa. Mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayoitakia mashine na akategemea ujuzi wake, inaahidiwa pia kwamba mashine itaifaa kazi hiyo.

Ahadi hiyo iko kati ya muuzaji na mnunuzi. Kiwanda hakimo katika mkataba wao. Kadi ya waranti ni nyongeza tu. Haifuti wajibu wa aliyeuza, ingawa wauzaji wengi huitumia kana kwamba inaufuta. Kiwanda kinaweza kushtakiwa kwa uzembe ikiwa mashine imelipuka na kumjeruhi mtu, lakini kumfuata mtengenezaji wa ng'ambo kwa sababu ya kabureta mbovu ni kazi isiyolipa.

Kuna jambo ambalo wengi hulijua wakati limeshapita. Mnunuzi ana haki ya kuikataa bidhaa mbovu na kudai fedha zake, ila akikaa nayo kwa muda mrefu bila kusema kwamba anaikataa, sheria humhesabu kuwa ameikubali. Kuanzia hapo anaweza kudai fidia lakini hawezi tena kuirudisha kama haki yake. Ndiyo maana ile "njoo wiki ijayo" ina gharama kubwa kuliko nauli. Mashine ikigoma mara ya kwanza, muuzaji aandikiwe siku hiyo hiyo: tarehe, namba ya mashine, tatizo, na kwamba mnunuzi hajaikubali katika hali hiyo. Ujumbe wa simu unatosha kwa kuanzia. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Uganda ya mwaka 2011 inaruhusu rekodi za namna hiyo kutumika kama ushahidi.

Na lile tangazo la "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" lililopigwa mhuri kwenye risiti? Sharti ambalo mnunuzi ameonyeshwa baada ya kulipa halina uzito sawa na lile alilolijua na kulikubali kabla ya kulipa. Tangazo lililobandikwa ukutani juu ya meza ya malipo ni hoja ngumu zaidi kuipinga.

Saa, si miezi

Kadi ikisema "mwaka 1", isomwe mpaka chini. Waranti nyingi za jenereta huhesabu miezi au saa za kazi, kimojawapo kikitangulia, na matumizi ya biashara hupewa muda mfupi kuliko ya nyumbani. Kadi yenye kikomo cha saa 500, kwa duka linalowasha mashine saa 8 kwa siku, inaisha baada ya siku 62 hivi. Waranti ya mwaka mzima imekuwa ya miezi miwili.

Sababu inayotumiwa sana kukataa madai ni kwamba mashine ilizidishiwa mzigo. Mara nyingine ni kweli, na lawama ni ya namba iliyoandikwa kwenye boksi. Namba kubwa ya nje huwa ni kilele ambacho mashine hukifikia kwa muda mfupi tu; uwezo wa kuendelea ni mdogo zaidi, na huandikwa kwa herufi ndogo kwenye kibati. Friji nayo inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya ule inaoutumia ikishatulia.

Halafu kuna mwinuko, jambo ambalo halitajwi madukani hata siku moja. Injini ya kawaida isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 juu ya usawa wa bahari. Kampala iko karibu mita 1,200, Butembo zaidi ya mita 1,700. Jenereta yenye uwezo wa wati 1,000 pwani ni ya wati 880 hivi Kampala, na karibu 830 Butembo. Mfanyabiashara aliyemweleza muuzaji kwa maandishi kwamba anaipeleka Butembo kuendesha friji moja na taa kumi amejipatia hoja ya maana, kwa kuwa muuzaji alijua kazi na mahali.

Oili ni sababu ya pili. Vitabu vingi vya injini za stroki nne huagiza oili ya kwanza ibadilishwe baada ya saa 20 hivi. Risiti ya oili hiyo iwekwe pamoja na kadi. Na fundi wa Katwe au Kisekka, pamoja na ustadi wake wote, akishafungua boliti za injini, mwenye waranti atasema mkataba umekufa.

Mpakani

Hapa ndipo madai mengi halali huzikwa. Mashine mbovu inayorudi Kampala ni bidhaa inayovuka mpaka, na itakapotoka tena bila karatasi itaonekana kama mzigo mpya unaostahili ushuru. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, inayotumika Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda na Burundi, inatambua kutoa bidhaa kwa muda kwa ajili ya matengenezo na kuirejesha, na kwa kawaida ushuru huangalia thamani iliyoongezeka tu. Masharti yake ni kwamba bidhaa itambulike kuwa ni ile ile. Namba iliyogongwa kwenye injini iandikwe kwenye hati ya forodha kabla ya kuvuka, wala isiachwe mpaka wakati wa kurudi. Upande wa Uganda nako itaingia kama bidhaa ya muda, na huenda ikatakiwa bondi.

Utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, wa mizigo isiyozidi dola 2,000, hausaidii hapa. Ule ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, na jenereta ya Uchina haimo. Sudan Kusini iliingia katika Jumuiya mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022, lakini anayepitia Elegu au Mpondwe asidhani kwamba mlolongo ni ule ule wa Busia. Amuulize wakala wa forodha kabla ya kupakia.

Ipo pia ile tabia ya kuomba ankara ya bei ndogo ili ushuru upungue. Ukiacha kwamba ni kosa, ankara hiyo ndiyo ushahidi wa bei. Aliyelipa shilingi 1,200,000 akabeba karatasi ya 500,000 atadai 500,000. Tangu Januari 2021 Uganda inatumia mfumo wa risiti za kielektroniki wa EFRIS, ambao wafanyabiashara wa Kampala waliugomea kwa kufunga maduka Aprili 2024. Kwa mnunuzi wa kigeni, hata hivyo, risiti ya mfumo huo ni ngumu kuikana kuliko ile ya kuandikwa kwa mkono.

Msafirishaji naye

Lawama nyingine humwangukia msafirishaji, na mara nyingine anastahili. Jenereta iliyolazwa ubavu chini ya mizigo ya basi huingiza oili kwenye silinda na kichujio cha hewa. Ikifika haiwaki, au inatoa moshi mweupe mpaka mtaa unajaa. Petroli imwagwe kabla ya safari na mashine isafiri ikiwa wima. Boksi likipokelewa limepondeka, iandikwe hivyo kwenye karatasi ya mzigo kabla ya kusaini. Waranti haigusi madhara ya njiani, na asiyeandika chochote hubaki katikati, muuzaji akimsukumia msafirishaji, msafirishaji akimrudisha kwa muuzaji.

Maneno yakishindikana, kanuni za madai madogo za Uganda za mwaka 2011 ziliweka njia ya mahakama isiyohitaji wakili kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10. Mdai humwandikia kwanza mdaiwa na kumpa siku 14. Barua hiyo peke yake huwafanya baadhi ya wauzaji wakumbuke kwamba wana kabureta mpya stoo. Kwa anayetoka mbali ugumu ni kuhudhuria, hivyo hesabu ya nauli na malazi ifanywe mapema.

Hesabu hiyo ndiyo inayowafanya baadhi ya wanunuzi wazoefu waachane kabisa na kadi. Humwambia muuzaji asiye na karakana apunguze bei, kisha fedha hiyo hununua kabureta, kidhibiti umeme, plagi mbili na kamba ya kuwashia, vyote vya modeli ile ile, vinavyosafiri ndani ya boksi moja na mashine. Kwa jenereta moja ya bei ndogo inayokwenda mbali, ni uamuzi wenye akili. Kwa shehena ya mashine ishirini, au kwa mashine kubwa ya dizeli, bei ya wakala mwenye karakana kwa kawaida inarudi yenyewe.