Sehemu ya Pili: Upande Uliosahaulika wa Santuri za Machakos

Chukua santuri ya benga ya Kikamba, zile ndogo za inchi 7 zilizozunguka mara 45 kwa dakika na kuuzwa River Road, Nairobi, katika miaka ya 1970 na 1980. Kwenye kibandiko cha katikati kuna jina la wimbo, jina la bendi, na maandishi madogo yanayosema hii ni sehemu ya kwanza. Igeuze. Wimbo ni ule ule, bendi ni ile ile, sehemu ya pili. Sasa iinamishe karibu na dirisha uitazame mwangani. Katika zile nilizowahi kushika, mara nyingi upande wa pili ndio uliochakaa zaidi: mifereji imepoteza mng'ao na kuwa ya kijivu, kama soli ya kiatu cha mchezaji. Sindano ilipita huko mara nyingi kuliko huku. Ajabu ni kwamba tunapoandika historia ya muziki huu, tunasikiliza upande wa kwanza tu.

Sababu ya kuukata wimbo vipande viwili ilikuwa ya kiufundi. Upande mmoja wa santuri ndogo hubeba dakika nne hivi, tano ukibana. Ngoma ya benga haiwezi kuisha kwa dakika nne. Basi fundi wa studio alishusha sauti polepole upande wa kwanza ukiwa bado moto, kisha akaipandisha tena upande wa pili, muziki ukiwa katikati ya safari. Maneno, kisa na majina ya wanaosifiwa vilibaki sehemu ya kwanza. Magitaa yakaachiwa sehemu ya pili.

Machakos ilikuwa mbali kidogo na studio za Nairobi. Mji huu, ulioanza kuwa kituo cha Waingereza katika mwongo wa 1880 na kuchukua jina la mzee Masaku, ulikwepwa na reli, na mwaka 1899 reli hiyo ikafika Nairobi. Kwa hiyo kila aliyetaka kurekodi alipanda basi. Wilaya ya Machakos ya wakati huo ilikuwa kubwa kuliko kaunti ya leo; Makueni ilikuwa ndani yake hadi 1992, na Mbooni vilevile. Ndiyo maana bendi tatu kubwa za Ukambani zote zinahesabika kuwa za Machakos ya zamani: Kilimambogo Brothers ya Kakai Kilonzo, Kyanganga Boys ya Peter Mwambi, na Lower Mbooni Boys.

Kakai ndiye anayekumbukwa zaidi, na si bure. Tangu katikati ya miaka ya 1970 hadi alipofariki mwaka 1987 hakuna Mkamba aliyemfikia kwa mauzo wala kwa jina. Aliimba Kikamba, akaimba Kiswahili pia ili asikike nje ya Ukambani, na bendi ikajiongezea neno "Les" mbele ya jina kwa mtindo wa Wakongo. Sifa zake huishia hapo: Kiswahili chake, visa vyake vya wakwe na wapenzi. Ni sifa za upande wa kwanza.

Benga yenyewe ilitoka Nyanza kwa Wajaluo, ambako gitaa lilifuata vidole vya mpiga nyatiti, ala yao ya nyuzi. Wakamba hawakuinakili ilivyo. Weka sindano kwenye sehemu ya pili usikie walichofanya. Gitaa moja linashika kodi kwa sauti za chini. La pili linapanda juu kabisa, na huko linatiririsha noti za haraka zinazojaza kila pengo lililoachwa na wenzake, bila kumpigia mtu kelele. Halishindani na gitaa la solo, linalizunguka. Chini yao ngoma ya besi inadunda kila pigo, moja, mbili, tatu, nne, haikwepi wala haipumziki. Kwa Mwambi hasa, pigo hilo ni zito kiasi kwamba mgeni anaweza kudhani mpigaji amechoka kubuni. Hajachoka. Anayejua kilumi, ngoma ya kale ya akina mama wa Kikamba, anaelewa kwamba mdundo usiobadilika una kazi yake: mwili ukishauzoea, akili huachia. Hilo halitokei ndani ya dakika nne za mwanzo, wakati watu bado wanasikiliza maneno.

Redio haikuwa na subira hiyo. Sauti ya Kenya ilikuwa na saa chache tu za Kikamba, na mtangazaji mwenye salamu za kusoma alicheza sehemu ya kwanza, akaingiza santuri nyingine. Hata agizo la mwaka 1980 la kutaka asilimia 75 ya muziki wa redio uwe wa Kenya, ambalo halikudumu, lilihesabu nyimbo. Nusu zake halikuzijali. Nje ya nchi mambo yalikuwa yale yale. "Katelina" ya kundi la Kikamba la Kalambya Sisters ilipopata wasikilizaji Ulaya, kilichosimuliwa kilikuwa kisa cha msichana mpenda pombe ya uki anayepata mimba kila mwaka. Ni kichekesho kizuri, lakini magitaa ya Kalambya Boys ya Onesmus Musyoki yanayombeba Katelina huyo hayakupata msimulizi.

Kwingineko upande wa pili ulipata bahati. Jamaica, kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, mafundi waliondoa sauti ya mwimbaji na kuweka mdundo mtupu nyuma ya santuri. Hapo ikazaliwa dub, na kutoka dub desturi nzima ya kuufumua wimbo na kuusuka upya. Desturi hiyo ilifika hadi kwenye roki ya viwandani. Mwaka 1995 kundi la Marekani la Nine Inch Nails lilitoa Further Down the Spiral, albamu ya nyimbo zilizosukwa upya, na ndani yake kuna "At the Heart of It All" ya mwanamuziki wa elektroniki Aphex Twin, ambayo haina hata chembe ya wimbo wa awali. Watu huipita haraka wakitafuta sauti ya mwimbaji. Wapenzi wa benga ya Kikamba wanaijua hali hiyo.

Siku hizi vijana wa Nairobi wanatengeneza kelele za viwandani zao wenyewe. Kundi la Duma lilitoa albamu yake mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na ulimwengu ukashangaa kwamba ngoma isiyopumzika inaweza kutoka Kenya, kana kwamba sehemu za pili za Machakos hazikuwahi kupigwa.

Santuri za benga zenyewe biashara yake iliuawa na kaseti za bandia. Santuri zilizosalia zinahamishwa kwenye kompyuta, na kila anayehamisha hulazimika kuamua: aunge pande mbili au azitenganishe? Wengi hutenganisha. Faili la kwanza huandikwa jina la wimbo na la bendi. La pili huachwa hivyo hivyo, namba tupu, na mara nyingi ndilo hufutwa simu inapojaa.