Kipimo cha Kuganda kwa Damu cha Dakika 20

Kipimo cha kuganda kwa damu cha dakika 20 ni njia ya kutambua, pasipo mashine wala umeme, kama sumu ya nyoka imeiondolea damu ya mgonjwa uwezo wa kuganda. Kilitokana na kazi ya daktari Mwingereza David Warrell, aliyewatibu walioumwa na nyoka kaskazini mwa Nigeria na kuchapisha matokeo yake pamoja na wenzake mwaka 1977. Kwa mahali kama Kaikor, kaskazini ya mbali ya Turkana, ambako mgonjwa husafiri zaidi ya kilomita 100 kufika Lodwar na laga, yaani mito ya msimu, zikijaa hafiki kabisa, ni vigumu kutaja kipimo kingine chenye manufaa zaidi.

Nyoka anayehusika hapo ni Echis pyramidum, wa jamii moja na moma lakini mdogo, aghalabu hafiki sentimita 70. Mchana hujificha mchangani na chini ya mawe. Usiku hutoka kuwinda. Akitishwa hujikunja na kusugua magamba yake mpaka yatoe sauti kama ya msumeno. Wengi huumwa mguuni, na viatu vya akala haviufuniki.

Sumu yake huanza kwa kuigandisha damu. Ndani yake mna kimeng'enya kiitwacho ekarini, ambacho huichokoza prothrombini ya damu ianze kazi ya kugandisha. Fibrinojeni, protini inayofanya nyuzi za donge la damu, hutumika ovyo katika vidonge vidogo vinavyoyeyushwa papo hapo, hadi inakwisha. Wakati huohuo vimeng'enya vingine hutoboa kuta za mishipa midogo. Mgonjwa huanza kutoka damu kwenye fizi, kwenye mkojo na kwenye vidonda vya zamani. Ikivujia ubongoni, huua.

Upimaji wenyewe ni huu: mililita 2 za damu ya mshipa huwekwa katika mrija wa kioo ulio mpya, mkavu na safi, na kuachwa pasipo kutikiswa kwa dakika 20. Kisha mrija huinamishwa mara moja. Damu ikimiminika kama maji, sumu imeshamaliza fibrinojeni. Lazima mrija uwe wa kioo, kwa sababu kugusana na kioo ndiko kunakoanzisha kuganda. Mrija wa plastiki, au wa kioo uliooshwa kwa sabuni, hudanganya, na kosa hilo dogo laweza kumfanya mtu ambaye damu yake ni nzima aonekane mgonjwa.

Tiba ni seramu yenye kingamwili, ambayo asili yake ni ugunduzi wa mwaka 1894 wa Albert Calmette, na pia Césaire Phisalix na Gabriel Bertrand, nchini Ufaransa. Farasi hudungwa sumu kidogo kidogo hadi mwili wake utengeneze kingamwili, ambazo husafishwa kutoka katika damu yake. Baada ya mgonjwa kupewa dozi, kipimo hurudiwa saa 6 baadaye, muda ambao ini huhitaji kurudisha fibrinojeni. Damu isipoganda bado, dozi huongezwa.

Kingamwili, hata hivyo, huchagua. Seramu iliyotengenezwa kwa sumu ya Echis wa Asia huenda isimshike ndugu yake wa Afrika. Nchini Ghana, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha vifo vya walioumwa na Echis vikipanda kutoka asilimia 1.8 hadi 12.1 baada ya hospitali kubadilishiwa seramu. Kununua seramu kwa kuangalia bei tu ni kuhatarisha maisha ya watu. Jijini Nairobi, kituo cha utafiti wa nyoka kilicho katika taasisi ya utafiti wa nyani huko Karen, kikishirikiana na Chuo cha Tiba ya Kitropiki cha Liverpool, kinafanyia kazi jambo hilihili kwa nyoka wa Kenya.

Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017, na linalenga kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030.

Aliyeumwa asichanjwe wala asikatwe kwa wembe, maana damu isiyoganda haitakoma kutoka. Asifungwe kamba. Alazwe, mguu utulizwe, na apelekwe upesi kwenye kituo cha afya chenye seramu.